Mwenye Bucha Hali Nyama

Kidole gumba cha mguu wa kushoto cha Shoka kilivimba kikawa kama kitunguu cha zambarau, na kama kitunguu, kilimtoa machozi. Shuka likikigusa, alipiga ukelele. Mke wake alipopita karibu na kitanda, akamwomba asipite na upepo.

"Nipite na nini basi?" mke akauliza.

"Usipite kabisa."

Ilikuwa aibu. Huyu ni mtu aliyekuwa akipasua paja la ng'ombe huku anapiga soga na wateja. Jina la Shoka mtaa mzima ulimpa kwa heshima. Sasa amelazwa chali na kidole. Alikipaka dawa ya kuchua, kikazidi kuwaka. Alikitumbukiza kwenye maji baridi, kikamcheka. Mwishowe akasalimu amri, akaenda zahanati na kiatu mguu mmoja na kandambili mguu wa pili, akitembea kama kuku aliyekanyaga kaa la moto.

Daktari alikuwa binti ambaye Shoka angeweza kumzaa. Alisoma majibu ya damu mara mbili, akamtazama.

"Baba, unakula nyama?"

"Nakula."

"Mara ngapi kwa wiki?"

Shoka alibabaika. Ilikuwa kama kuulizwa anapumua mara ngapi kwa wiki.

"Asubuhi nakunywa supu," akasema. "Mchana maini, au figo zikibaki. Jioni ndiyo nyama yenyewe."

Daktari akaweka kalamu chini. "Na kazi yako ni nini?"

"Nina bucha."

Binti akageukia dirishani, mabega yakawa yanamtikisika. Shoka akamsubiri amalize. Aliporudi alikuwa amevaa tena uso wa kazi.

"Hii inaitwa jongo, baba. Damu yako ina asidi nyingi, nayo inakwenda kukaa kwenye viungo kama vipande vya chupa. Maini, figo, supu ya mifupa, nyama nyekundu, vyote acha. Kula mboga, kula matunda, kunywa maji mengi. Ukipuuza, leo ni kidole, kesho ni figo zako mwenyewe."

"Mboga ipi?" Shoka akauliza kwa tumaini. Nyumbani kwake mboga ilikuwa chochote kinachoshushia wali, na chochote hicho siku zote kilikuwa nyama.

"Ya majani," daktari akasema. "Inayoota ardhini. Ile isiyolia ukiikata."

Jioni ile, Shoka alirudi nyumbani na kifurushi kwapani kama kawaida, nyama iliyofungwa kwenye gazeti kuukuu. Miaka yote ya ndoa yao kifurushi hicho ndicho kilichokuwa kitoweo. Mke wake, fundi cherehani aliyeshona dirishani ili apate mwanga bila kuwasha taa, alikipokea akakifungua.

"Hii ni ya nani?"

"Ya nyumba."

"Na wewe utakula nini?"

"Si nimekwambia alivyosema daktari? Mboga za majani. Ninunulie."

"Kwa pesa gani?"

Shoka akashangaa kwa dhati. "Kwani mboga nazo ni pesa?"

Mke wake alikuwa na pini mdomoni. Ilibidi azitoe moja moja ndipo acheke salama.

"Ulidhani zinagawiwa? Kaa nikuhesabie. Fungu la mchicha ukilitia kwenye sufuria linanywea linakuwa kijiko. Jitu kama wewe linataka mafungu manne, na hapo bado hujashiba. Weka nyanya, weka karoti, weka mafuta. Weka papai, maana daktari kasema matunda. Weka maharage, yanayokula mkaa tangu mchana mpaka jua linazama ndiyo yakubali kulainika. Hii nyama inaingia humu ndani bure, mume wangu. Afya yako ndiyo ya kununua."

"Nyama si bure! Nyama ni mtaji wangu."

"Basi hiki kifurushi kiuze, uniletee pesa nikanunue mboga."

"Nikikiuza, mama atakula nini?"

Kutoka chumba cha pili sauti ya mama yake Shoka ikapasua ukuta. "Nimesikia! Msinitie kwenye majani yenu! Mimi sina kidole!"

Bibi huyu alibakiwa na meno matatu na akili zake zote, na vyote alivitumia kwa nyama. Usiku ule Shoka alikaa mbele ya sahani ya wali na mchicha, akautafuna kama mtu anayetafuna barua ya kufukuzwa kazi. Ng'ambo ya meza mama yake alikuwa ananyonya uboho kwa sauti, na Shoka angeapa kwamba sauti ile ilikuwa ya makusudi.

"Pole, mwanangu," Bibi akasema, akilamba vidole. "Mke wako anapika vizuri lakini. Hata majani kayapa chumvi."

Kulikuwa na genge la mboga mkabala na bucha, barabara tu katikati. Mwenye genge aliitwa Mama Mchicha. Mke wa Shoka alitaka kununua hapo, jambo lililo wazi hata kwa mtoto. Shoka akakataa katakata.

"Yule mwanamke akijua kwamba nakula vitu vyake, nimekwisha. Nenda soko kuu."

Alikuwa na sababu. Kwa miaka mingi, biashara ikipoa, Shoka alikuwa na mchezo wa kusimama mlangoni na kisu mkononi, akiwapigia kelele wapita njia: "Karibuni nyama, waungwana! Chakula cha mbuzi ni ng'ambo!" Wateja walicheka. Mama Mchicha hakucheka hata mara moja. Alinyunyizia mboga zake maji, akayatikisia matone upande wa bucha.

"Soko kuu ni nauli kwenda na nauli kurudi," mke akasema.

"Nenda tu."

"Kwa hiyo nilipie mchicha, nilipie nauli, na nilipie na aibu yako?"

"Nitakurudishia."

Hakurudisha. Wiki mbili mke alitoa pesa za ushonaji. Alizoea kuziweka kwenye kopo la vifungo, akizikusanya anunue jora la kitambaa ili ashone sare za shule kabla ya muhula. Siku aliyomwekea mumewe kopo mezani, lilikuwa na vifungo tu. Alilitikisa asikie.

"Nimekula jora langu," akasema. "Yaani umelikula wewe, na mafuta na nyanya. Kesho mboga yako jinunulie."

Shoka akakitazama kidole chake. Kidole kilikuwa kimepungua. Alikuwa anaweza kuvaa soksi. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi, kwamba majani yale yalikuwa yanafanya kazi.

Siri ilitoka kwa Bibi. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa kwenye foleni ya maji, na foleni ilikuwa ndefu.

"Mwanangu siku hizi hagusi nyama," alimwambia mwanamke wa nyuma yake. "Hata akiwekewa karibu, anageuza uso."

Habari ya kidole hakuitaja. Aliona si vizuri watu wajue kwamba mwanawe, mtu mzima, ameangushwa na kitu kisichofika hata urefu wa karoti. Kwa hiyo maneno yalitoka kwenye bomba bila kidole, yakazunguka mtaa, na kila mdomo ukayatia chumvi yake. Kufika jioni Shoka alikuwa hali nyama yake kwa sababu anajua ni ya nini. Wengine wakasema punda. Wengine wakasema si punda, ni ng'ombe, ila kafa mwenyewe. Kinyozi wa kona akasema yeye hasemi kitu, akasema kwa muda mrefu sana.

Wateja wakakatika. Waliokuwa wakija kila siku wakaanza kupita upande wa pili wa barabara wakitazama simu zao. Nyama ikaning'inia mpaka ikabadilika rangi, Shoka akaishusha, akaisukumiza kwenye jokofu lililokuwa likinguruma na kula umeme. Nzi waliingia bila kushindana na mtu.

"Jirani!" Mama Mchicha akaita siku moja kutoka ng'ambo, mikono kiunoni. "Leo wateja wako wana mabawa?"

Wateja wake mwenyewe wakacheka. Walikuwa wengi kuliko kawaida. Mtu akiogopa nyama, hula kabichi.

Shoka akarudi ndani, akanoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali.

Mwenye Mgahawa ndiye aliyelileta jambo lenyewe mlangoni. Huyu ndiye aliyekuwa mteja mkubwa wa Shoka, mtu mnene wa maneno machache, na siku tatu alikuwa hajaonekana. Asubuhi hiyo alikuja na jiko la mkaa lililowaka, chumvi kwenye karatasi, na nusu ya mtaa nyuma yake.

"Shoka," akasema, "mimi na wewe tumetoka mbali, sitaki kukuhama kwa maneno ya bombani. Kata kipande hapo. Mimi nitachoma, wewe utakula mbele za watu. Ukila, nachukua mzigo wangu kama zamani. Usipokula, tusilaumiane."

"Sawa, sawa!" watu wakaitikia. Mama Mchicha alikuwa amevuka barabara, kisu chake cha kukatia kabichi bado mkononi, akatafuta nafasi ya mbele.

Shoka akakata kipande cha mgongo. Kikawekwa jikoni, mafuta yakadondoka, moshi ukapanda, na harufu ikamwingia Shoka puani ikashuka mpaka magotini. Majuma matatu alikuwa ameishi kwa majani. Mate yalimjaa akalazimika kumeza hadharani, na watu waliomwona wakadhani ni woga.

"Tazama, koo linampanda," mmoja akanong'ona.

Mwenye Mgahawa akachomoa kipande kwa ncha ya kisu, akampa. Shoka akakipokea. Kilimuunguza vidole, naye akakishika hivyo hivyo. Akawaza: mara moja tu. Mara moja haiui. Bucha ikifungwa, ndiyo itakayotuua sisi wote, na mama, na cherehani itauzwa. Akakisogeza mdomoni. Na hapo, chini kabisa ndani ya kandambili, kidole kikamdunda mara moja, kama mtu anayebisha hodi.

Akakumbuka figo. Miaka yote alikuwa ameshika figo za wengine, akizipindua kwenye kiganja, akiwaambia wateja hii ni safi, hii ni ya leo. Sasa alijiona zake mwenyewe zimelala kwenye sinia.

Hasira zikampanda, hakujua anamkasirikia nani. Akakitupa kipande kwenye sinia, akavua kandambili, akashika kingo za kaunta, na kwa kishindo akaupandisha mguu wake wa kushoto juu, mbele ya mizani.

"Toa mguu kwenye nyama!" mwanamke mmoja akalia.

"Haupo kwenye nyama, upo kwenye kaunta! Tazameni! Si mlitaka kujua? Tazameni!" Kidole kilikuwa bado chekundu, kinang'aa, kimegeukia upande kama kinamsikiliza jirani yake. "Nyama yangu ni nzuri! Nimeila tangu nina meno ya utoto! Ingekuwa ya punda, ningekuwa nabeba mizigo sokoni! Ni jongo! Daktari amenikataza. Amesema nimekula nyama nyingi mno mpaka imenirudi!"

Watu wakautazama mguu.

"Amesema nini?" mzee mmoja kiziwi akauliza nyuma.

"Anaumwa," wakamwambia.

"Anaumwa nini?"

"Amekula nyama nyingi."

Mzee akafikiri. "Nyama?"

"Nyama."

"Mpaka akaumwa?"

"Mpaka akaumwa, mzee."

"Ehe," mzee akasema taratibu. "Na huo ugonjwa unaambukizwaje? Nikae naye karibu."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwatoa watu wa mtaa wa pili majumbani. Mpiga matofali akajipigapiga mapaja. Mwanamke mmoja akasema watoto wake wameonja nyama mara ya mwisho shangazi yao alipoolewa, na kama kuna ziada ya jongo, yeye ana vyombo. Mwenye Mgahawa akakiokota kile kipande kwenye sinia, akakipuliza, akakila mwenyewe bila haraka.

"Nzuri," akasema. "Nipimie mzigo wangu. Lakini osha kaunta kwanza."

Mke wa Shoka aliitwa. Alikuja na maji yaliyochemka na sabuni ya kufulia, akaisugua kaunta mbele ya watu wote bila kumtazama mumewe usoni. Biashara ilirudi siku hiyo hiyo. Heshima ndiyo ilichelewa kidogo: watoto walianza kumpita wakichechemea na kuimba "Mkubwa wa Mchicha", na hakukuwa na kitu cha kuwafanya, kwani hakuweza kukimbia.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mama Mchicha. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu, katikati ya watu wakiwa bado wanacheka, akasimama, akajipangusa, akavuka barabara kurudi kwenye genge lake, na kwa siku iliyobaki hakumtania mtu.

Jua lilikuwa halijazama alipobisha hodi nyumbani kwao. Alikuwa na kikapu kilichofunikwa kanga. Shoka, mguu juu ya stuli, akajua amekuja kumalizia kicheko chake. Lakini mwanamke hakumtazama. Alimwendea mkewe kwenye cherehani.

"Dada, nimeleta mchicha. Na karoti, na matembele. Vya leo leo."

"Asante, dada. Ni kiasi gani?"

"Sitaki pesa." Akaweka kikapu chini. "Nataka maini."

Mke akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Binti yangu amerudi nyumbani," Mama Mchicha akasema. "Ana mimba kubwa. Mwenzake kapotea, hilo tuliache. Kliniki wamempima, damu imeshuka vibaya. Wanasema akizaa hivi hivi, hawaahidi kitu. Vidonge wamempa, wamesema ale na maini, nyama, mayai. Mboga nimempa, dada. Nimempa mpaka ananichukia. Wanasema peke yake hazitamtosha." Akaikunjua kanga juu ya kikapu. "Bei ya maini naijua. Imeandikwa kwa chaki pale ukutani. Nakaa naitazama tangu nafungua mpaka nafunga."

Shoka alikuwa na neno. Alikuwa nalo miaka mingi, limenolewa, na mdomo wake ulikuwa tayari umeanza kulitengeneza. Alimtazama mwanamke. Alikuwa amesimama akitazama sakafu, shingo ameikaza, kama mtu aliyekwisha kulisikia neno hilo njia nzima ya kuja na ameamua kulivumilia. Shoka akalimeza. Lilishuka vibaya kuliko mchicha.

"Hebu nione hiyo karoti," akasema.

Mama Mchicha akampa. Akaivunja, ikatoa mlio.

"Lakini maini ni maini," akasema, maana mfanyabiashara hafi mara moja. "Huwezi kuyapima na majani."

"Wewe nyamaza," mke wake akasema. "Majani yako nimeyalipia mimi wiki mbili. Bei yake naijua mimi. Nitapima mimi."

Wakapima, wanawake wawili, kwa sauti ya chini, vidole vikipanda na kushuka. Shoka alisikia maini yake yakilinganishwa na mafungu ya mchicha, na karoti zikitupwa juu kama nyongeza, na hakuna aliyemuuliza chochote. Walipokubaliana, Bibi akaita kutoka chumbani.

"Na maini yangu je?"

"Utapunguza, mama," mke wa Shoka akasema.

"Nipunguze nini? Nimewakosea nini?"

"Kuna mtu anataka kuzaa, mama."

"Basi mpeni," Bibi akasema. "Lakini si yote."

Kuanzia hapo kila asubuhi kifurushi kilivuka barabara kwenda na kikapu kikavuka kurudi. Haikuwa amani. Siku moja Shoka alipeleka maini yenye mishipa, yakarudishwa, na maneno ya Mama Mchicha yakasikika mpaka kwa kinyozi. Siku nyingine yeye aliletewa mchicha wenye majani ya njano, akaurudisha mwenyewe akichechemea, akaumwaga mbele ya wateja wake. Lakini mabadilishano hayakukatika, na kopo la vifungo likaanza tena kuwa na uzito. Shoka akaanza kuvaa viatu viwili.

Kisha asubuhi moja genge halikufunguliwa.

Meza zilikuwa tupu, gunia limekunjwa juu yake. Shoka akapima nyama, akatazama ng'ambo. Akakata, akatazama. Maini aliyoyatenga yakakaa kwenye sinia mpaka mchana. Mteja alitaka kuyanunua, Shoka akamfokea yule mtu kiasi kwamba akaomba radhi bila kujua kosa lake.

"Nenda ukaulize," akamwambia mkewe.

"Nikaulize nini? Mtu akizaa atasikika."

"Nenda tu."

Mke akavua tepu shingoni akaenda. Hakurudi mchana, hakurudi jioni. Shoka alijipikia mchicha, akauunguza, akaula hivyo hivyo na mama yake, ambaye kwa mara ya kwanza alikula majani bila kusema lolote.

Mke alirudi asubuhi, macho mekundu. Shoka akamvutia kiti cha cherehani.

"Amezaa wa kike," mke akasema. "Damu ilimtoka nyingi. Wauguzi walikuwa wameshatuambia tutafute watu wa kujitolea. Lakini alikuwa nayo ya kutosha. Ikamshikilia." Akakaa kwenye kiti cha cherehani na kuvua viatu. "Mtoto ana sauti kama ya bibi yake, Mama Mchicha. Mtaisikia bucha nzima."

Shoka akaenda kufungua bucha. Mteja wa kwanza aliomba nusu kilo, akapewa karibu kilo, akaondoka haraka kabla mtu hajagundua.

Siku chache baadaye, saa ya watu wengi, Mama Mchicha alivuka barabara bila kikapu. Alipanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika, akaweka pesa juu ya kaunta, noti zilizokunjwa ndogo ndogo, akazinyoosha kwa kiganja.

"Kilo moja," akasema. "Ya pesa. Leo sibadilishani."

Shoka hakubisha. Alichagua paja, sehemu ambayo humwekea Mwenye Mgahawa, akakata steki safi, akatoa mafuta, akaweka kwenye mizani. Mfupa hakuweka. Katika bucha ile kila kilo ilikuwa na mfupa wake, iwe ya maskini au ya tajiri. Ndivyo Shoka alivyojenga nyumba.

Mama Mchicha akainama, akachungulia.

"Mfupa wangu uko wapi?"

"Sikukuwekea."

"Hawa wote wamewekewa. Mimi nina kosa gani?"

"Nimekupendelea, mama," Shoka akasema kwa sauti ya chini, akitazama foleni. "Nyama tupu hiyo."

"Nani kakuomba upendeleo? Nina mzazi ndani, anataka supu. Supu niitoe wapi, kwenye noti? Niwekee mfupa, Shoka, na usiniletee wa jana!"

Foleni ikaangua kicheko. Shoka akageuka, akashusha mfupa mnono wenye uboho, akaupasua, akaulaza juu ya nyama iliyokuwa tayari imetimia. Mshale ukaondoka kwenye kilo, ukapanda, ukaendelea kupanda. Wote wawili waliutazama ulivyokuwa unakwenda, mpaka ukasimama wenyewe, na Shoka akachukua noti za kilo moja tu.